Si Chira, Ni Ini: Historia Ambayo Hatukufunzwa Darasani

Baba mdogo wangu alifariki Agosti 2021, akiwa na miaka 41. Alikuwa msee wa Dunga, anauza samaki, mtu wa kelele, yule akiingia kwa boma watoto wote wanakimbilia mifuko yake. Halafu ndani ya miezi minne akaisha. Mbavu zikatokeza, macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji mpaka shati halifungi. Kama umewahi kuona mtu amekonda hivyo na tumbo limefura hivyo, unajua hiyo picha haitoki kichwani.

Kwenye matanga, nikiwa nimebeba viti, nikasikia wazee wananong'ona neno moja: chira.

Kama wewe si wa huku ziwani, acha nikuelezee haraka. Chira kwa sisi Wajaluo ni ile hali ya kukonda na kunyauka ambayo inampata mtu kwa sababu mwiko umevunjwa. Labda alijenga kabla ya ndugu yake mkubwa. Labda kuna mazishi hayakufuatwa vizuri. Kosa linatendeka leo, mwili unakuja kulipa baadaye.

Nilikasirika, bana. Kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimekaa na baba kwenye ile hospitali (jina nimeacha) daktari akituambia: saratani ya ini, na damu inaonyesha virusi vya hepatitisi B, na inaonekana amekaa navyo miaka mingi sana. Hakuna mtu aliyewahi kumpima. Daktari akasema pia kuna dawa mpya, za imunotherapia, zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani yenyewe. Baba akauliza bei. Dozi moja ilipita bei ya pikipiki mpya, na dozi si moja. Baba akanyamaza, akakunja ile karatasi mara nne, akaiweka mfukoni.

Miaka hii yote nimekuwa nikisoma kuhusu hiyo karatasi. Leo nataka kuwapa historia yake, kwa sababu nimegundua kitu ambacho sikutarajia: historia ya saratani ya ini inapita hapa kwetu, kwa ziwa letu, kwa karanga zetu. Na nimegundua pia kwamba wale wazee walikuwa na nusu ya ukweli. Nitarudi hapo.

Mwaka wa bata mzinga

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 1960 huko Uingereza, bata mzinga walianza kufa. Si kumi, si mia. Zaidi ya 100,000. Wakulima wakachanganyikiwa. Madaktari wa mifugo hawakupata virusi, hawakupata bakteria. Wakauita tu "ugonjwa X wa bata mzinga", yaani hata jina hawakuwa nalo.

Mwishowe macho yakageukia chakula. Hao ndege walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Lakini mambo hayakuishia Brazil. Ilionekana kwamba karanga za sehemu nyingine pia zilikuwa na sumu hiyo hiyo, na moja ya sampuli kali kabisa zilizochunguzwa mwaka wa 1961 ilitoka Uganda, jirani yetu hapa. Ndani yake wanasayansi wakapata ukungu unaoitwa Aspergillus flavus. Chukua "A" ya Aspergillus, "fla" ya flavus, ongeza neno la sumu, unapata aflatoksini. Ndiyo hiyo unaisikia kwa habari kila mwaka.

Sasa fikiria kidogo. Karanga hazikuanza kulimwa huku juzi. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, wakati mji ulikuwa unaitwa Port Florence, na wakoloni wakaanza kusukuma watu wa Nyanza walime vitu vya kuuza: pamba, simsim, karanga. Mpaka leo ukienda Kibuye siku ya soko utaona magunia kwa magunia, mama amekaa na gorogoro yake, na karanga nyingi zinatoka upande wa Homa Bay. Ni chakula chetu, ni biashara yetu, ni kumbukumbu zetu.

Mwaka wa 2009 watafiti walichapisha kazi yao kuhusu karanga za Busia na Homa Bay. Walipima sampuli 769. Habari njema kwanza: karibu asilimia 87 zilikuwa chini ya mikrogramu 4 za aflatoksini kwa kilo, yaani salama. Kwa hivyo tafadhali usitupe karanga zako na kuniandikia matusi. Lakini karibu asilimia 7.5 zilipita mikrogramu 20, na kuna sampuli moja ya Homa Bay ilifika 7,525. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni 10. Soma tena hizo namba mbili ukiwa umetulia.

Nikiwa mdogo, Dani (nyanya yangu mzaa baba) alikuwa anatuketisha chini ya mwembe tuchambue karanga. Zile nzuri ni za kuuza. Zile zimekunjamana, zimebadilika rangi, zina kaukungu kidogo, alikuwa anasema, "Nyakwara, hizo usitupe. Peleka kwa kuku, na zingine tutasaga." Kwa sababu ukishasaga, nani anaona rangi? Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anaokoa chakula, kama kila nyanya aliyeona njaa. Lakini nilipofika kwa hiyo stori ya bata mzinga nikaweka simu chini. Ilikuwa stori ya kuku wetu. Na yetu.

Murang'a, Machakos, Makueni

Swali lililofuata lilikuwa: sawa, ndege wamekufa, lakini binadamu je? Hapa Kenya yetu iko mbele kwenye historia ya dunia, na hakuna mwalimu aliyeniambia. Mwaka wa 1973, Peers na Linsell walichapisha utafiti waliofanya Murang'a. Hawakuuliza watu "unakula nini?" tu. Walichukua sampuli za chakula chenyewe, kile watu walikuwa wanakaribia kula, wakapima aflatoksini. Halafu wakalinganisha na wagonjwa wa saratani ya ini kulingana na urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Sehemu za chini, zenye joto, zilikuwa na sumu zaidi kwenye sahani. Na saratani ya ini zaidi.

Sumu hii ina njia mbili za kuua. Ya kwanza ni ya haraka: ukila nyingi kwa mara moja, ini linaharibika ndani ya siku chache. Machakos, 1981, wagonjwa 20 walirekodiwa, 12 wakafa. Makueni, Kitui na majirani, 2004, wagonjwa 317, vifo 125, kwa sababu ya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Hiyo inatangazwa, mawaziri wanaruka na helikopta. Novemba 2019 KEBS ikasimamisha chapa tano za unga wa ugali, mtandao ukawaka siku tatu, tukasahau.

Njia ya pili ni ya polepole, na haina kamera. Kidogo leo, kidogo kesho, miaka ishirini. Ini linageuza aflatoksini kuwa kitu kinachonata kwenye DNA. Mwaka wa 1991 wanasayansi waliochunguza wagonjwa wa Uchina na kusini mwa Afrika walipata kwamba hiyo sumu inapenda kuharibu sehemu moja hasa ya jeni inayoitwa p53, ambayo kazi yake ni kusimamisha seli iliyoharibika isiendelee kuzaana. Yaani mwizi anaingia kwa boma, na kitu cha kwanza anachofanya ni kumuua mbwa.

Mgeni wa pili

Lakini karanga peke yake hazikumuua baba mdogo. Kulikuwa na yule mwingine kwenye karatasi.

Miaka ya 1960 daktari wa Marekani, Baruch Blumberg, alikuwa anachunguza damu za watu wa sehemu mbalimbali za dunia. Kwenye damu ya Mwaborijini mmoja wa Australia akapata protini asiyoielewa. Hakuwa anatafuta ugonjwa wa ini hata kidogo. Baadaye ikajulikana hiyo protini ni ganda la virusi vya hepatitisi B, na mwaka wa 1976 akapata Tuzo ya Nobel.

Hivi virusi vina tabia moja ya kikatili. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake unavifukuza. Karibu asilimia 95 wanapona. Lakini mtoto mchanga akivipata, karibu asilimia 90 wanabaki navyo. Vinakaa kimya kwa ini miaka thelathini, arobaini. Unacheza mpira, unaoa, unauza samaki Dunga. Hakuna kinachouma.

Na vikikutana na aflatoksini? Tafiti za Shanghai za mwanzo wa miaka ya 1990 zilionyesha kwamba mtu mwenye vyote viwili alikuwa na hatari ya saratani ya ini karibu mara 60 kuliko asiye na chochote. Si kujumlisha huko. Ni kuzidisha.

Chanjo ilikuwepo tangu 1981. Taiwan wakaanza kuchanja watoto mwaka wa 1984, na saratani ya ini kwa watoto wao ikashuka. Hebu fikiria: chanjo inayozuia saratani, na watu wazima wa leo bado hawajui ipo. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo hiyo kwa pamoja na nyingine Novemba 2001, zile sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Angalia tarehe yako ya kuzaliwa. Dada yangu mdogo ni wa 2004, ako sawa. Mimi ni wa 1999. Nilizaliwa upande mbaya wa hiyo tarehe. Baba mdogo alizaliwa 1980, kabla chanjo yenyewe haijaruhusiwa popote duniani.

Milango

Sasa tuje kwa ile dawa ambayo baba aliuliza bei. Hapa inabidi nikupitishe kwenye historia nyingine kabisa, na naahidi itarudi kwa ini.

Kila seli yako ina kuta, na kuta zina milango midogo sana ya kupitisha chumvi zenye umeme: sodiamu, potasiamu, kalsiamu, kloraidi. Hizo chumvi zenye umeme zinaitwa ioni. Hiyo milango ndiyo chaneli za ioni. Moyo wako unapiga kwa sababu ya hiyo milango. Unasoma hii kwa sababu ya hiyo milango.

Stori ilianza Italia miaka ya 1780, Luigi Galvani akiona miguu ya chura aliyekufa inarukaruka ikiguswa na umeme. Mwaka wa 1952, Waingereza Hodgkin na Huxley wakatumia neva nene ya ngisi kuonyesha kwamba huo umeme wa mwili ni sodiamu kuingia na potasiamu kutoka. Mwaka wa 1976, Wajerumani Neher na Sakmann wakatengeneza bomba la kioo jembamba kiasi kwamba wakaligusisha kwenye seli na kusikiliza mlango mmoja tu ukifunguka na kufungwa. Mlango mmoja! Nobel ikaja 1991.

Watu wengi walidhani hiyo milango ni mambo ya neva na misuli. Mwaka wa 1984 timu mbili tofauti zikaipata milango ya potasiamu mahali ambapo wengi hawakuitarajia: kwenye seli T. Hizo ndizo askari wa kinga ya mwili, zinazotembea zikitafuta seli zilizoambukizwa na zilizogeuka kuwa saratani.

Askari ana umeme wa kufanya nini? Inaenda hivi. Seli T ikitambua adui, inafungua mlango wa kalsiamu. Kalsiamu ikiingia ndiyo amri ya kushambulia. Lakini kalsiamu ina chaji chanya, na ikiendelea kuingia bila kitu kingine kutoka, mtiririko unapungua nguvu. Kwa hivyo mlango wa potasiamu unafunguka upande mwingine, potasiamu inatoka, na kalsiamu inaendelea kuingia. Ni kama matatu ya Kondele: kama hakuna anayeshuka, kondakta hata akipiga kelele namna gani, hakuna anayepanda. Mwaka wa 2006 mlango wenyewe wa kalsiamu ulitambuliwa, unaitwa Orai1, na ulipatikana kupitia watoto waliozaliwa ukiwa umeharibika. Seli T zao zilikuwepo, lakini hazikuweza kupigana. Askari wako kambini, amri haifiki.

Breki

Upande mwingine wa dunia watu walikuwa wanatafuta jinsi ya kuwaamsha hawa askari dhidi ya saratani. Ilijulikana kwamba seli T zina breki, ili zisije zikashambulia mwili wenyewe. Honjo wa Japani aligundua breki inayoitwa PD-1 mwaka wa 1992. Allison wa Marekani akaonyesha mwaka wa 1996, kwa panya, kwamba ukizuia breki nyingine, CTLA-4, uvimbe unayeyuka. Walishiriki Nobel ya 2018.

Saratani, ile ni mjanja. Inakanyaga hizo breki makusudi. Dawa za imunotherapia kazi yake ni kuondoa mguu wa saratani kwa breki.

Kwa ini, kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya. Mwaka wa 2008 dawa ya vidonge, sorafenib, ilisherehekewa kwa sababu iliongeza maisha kutoka wastani wa miezi 7.9 hadi 10.7. Miezi mitatu, na watu walipiga makofi, ujue hali ilivyokuwa. Halafu Mei 2020 matokeo ya jaribio la wagonjwa 501 yakachapishwa: waliopewa atezolizumab pamoja na bevacizumab, asilimia 67 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 55 ya waliopewa sorafenib. Uvimbe ulipungua vya kutosha kwa karibu asilimia 27.

Hiyo ndiyo dawa. Ndiyo habari njema kubwa zaidi ambayo wagonjwa wa saratani ya ini wamewahi kupata. Lakini rudia hiyo namba ya mwisho: 27. Wengine zaidi ya saba kwa kila kumi, breki imetolewa na gari bado haliendi vizuri. Kwa nini?

Milango tena

Mwaka wa 2016 timu ya maabara huko Marekani ilichapisha jibu moja, na ni hapa historia hizi mbili zinakutana. Ndani ya uvimbe, seli nyingi zinakufa kwa kukosa hewa na chakula. Seli ikifa inamwaga kilichokuwa ndani yake, na ndani ya seli kumejaa potasiamu. Kwa hivyo maji yanayozunguka uvimbe yanakuwa na potasiamu mara 5 hadi 10 kuliko damu ya kawaida. Seli T ikifika hapo, potasiamu inarundikana ndani yake, na ishara za kuiamsha zinafifia. Imefika mlangoni kwa adui, inalala.

Watafiti wakaongezea seli T za panya milango zaidi ya potasiamu, zikaweza kuitoa nje. Zikaamka. Panya waliokuwa na saratani ya ngozi wakaishi zaidi.

Mwaka wa 2019 ikaonekana jambo lingine la kushangaza: hiyo potasiamu inayolaza seli T inazihifadhi pia zikiwa changa, zenye uwezo wa kuzaana upya baadaye. Kwa hivyo si suala la "potasiamu mbaya, itoe". Na tafadhali, kabla hujauliza: hapana, hii haihusiani na ndizi unayokula. Potasiamu ya uvimbe inatoka kwa seli zinazokufa, si kwa sahani yako.

Kwa upande wa ini lenyewe, milango inahusika pia. Kuna mlango unaoitwa Piezo1, uliogunduliwa 2010, ambao unafunguka ukisukumwa, na kazi hiyo ilichangia Nobel ya 2021. Ini lililokaa na virusi miaka mingi linajaa makovu, linakuwa gumu kama ngozi ya ngoma. Ugumu unasukuma Piezo1, kalsiamu inaingia. Na kwenye saratani ya ini mlango huu umeonekana kuwa mwingi kuliko kawaida, ukiisaidia kukua. Yaani kalsiamu ile ile ambayo askari anaihitaji, adui naye anaitumia. Kwa hivyo huwezi kuamka tu na kufunga milango yote ya kalsiamu mwilini. Utamfunga adui na askari pamoja.

Nataka niwe mkweli kwenu: saa hii hii kazi ya milango na saratani ya ini iko zaidi kwa maabara na panya. Mtu akikuuzia dawa ya "kufungua chaneli za ini" huko mjini au kwa simu, kimbia. Lakini ni njia ya kweli ya kuelewa kwa nini dawa ile ile inamwinua mgonjwa mmoja na kumwacha mwingine.

Sasa tufanye nini na hiyo historia?

Kuna watu wataniambia, msee, sisi hatuna hata dawa za kawaida, unatuletea stori za Piezo1. Naelewa. Lakini huu mji unajua vizuri kwamba afya ni siasa. Oktoba 25, 1969, Jomo Kenyatta alikuja hapa Kisumu kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti. Akazozana hadharani na Jaramogi, risasi zikapigwa, watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha KPU kikapigwa marufuku na Jaramogi akiwa kizuizini. Hospitali hiyo leo ina jina la Jaramogi, ila ukipanda tuktuk ukisema "Russia", dereva anakupeleka bila swali. Wazee wetu walimwaga damu siku ya kufunguliwa hospitali. Sisi tunaona aibu kuuliza maswali ndani yake?

Kuna jambo linaniuma zaidi. Tenofovir na lamivudine, dawa mbili zilizo kwenye kidonge ambacho watu wetu wengi wa Nyanza wanameza kila siku kwa ajili ya HIV, zinazuia pia hepatitisi B. Kwa hivyo mtu mwenye virusi vyote viwili, ini lake linalindwa bila hata yeye kujua. Lakini mtu mwenye hepatitisi B peke yake, kama baba mdogo, hana kliniki ya kumfuatilia, hana mtu wa kumpigia simu akikosa kufika, hana wimbo wala tisheti. Dawa iko mjini. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia apimwe.

Imunotherapia tuipiganie, ndiyo. Bei ishuke, wagonjwa wetu waingizwe kwenye majaribio, ili dawa zijulikane zinafanyaje kwa ini ambalo limeona aflatoksini na virusi pamoja. Lakini historia yenyewe inaonyesha wazi: kila hatua ya mwisho ni ghali, kila hatua ya mwanzo ni rahisi. Kukausha karanga na mahindi kabla ya kuweka ghalani. Kutoa zilizo na ukungu na kuzitupa kabisa, hata kuku wasipewe. Kipimo cha damu cha hepatitisi B. Sindano tatu ndani ya miezi sita kwa mtu mzima ambaye hana. Vyote hivyo ukijumlisha, havifiki hata nusu ya bei ya ile dozi moja.

Nilisema wazee walikuwa na nusu ya ukweli. Nieleze. Chira inasema ugonjwa una historia: kitu kilitendeka zamani, kikakaa kimya, kikaja kudai. Hapo hawakukosea. Ini la baba mdogo lilianza kuumwa miaka thelathini au zaidi kabla ya tumbo kufura. Walikosea pale walipotafuta nani alivunja mwiko. Yeye hakuvunja kitu. Alizaliwa kabla ya chanjo, akala alichopikiwa, na hakuna aliyempima. Kama kuna mwiko uliovunjwa, ni ule wa kukaa kimya, na tuliuvunja sote.

Mwaka jana nilienda kupimwa. Niliogopa, siwadanganyi, zile dakika za kungoja nilihesabu vigae vya sakafu mara tatu. Ikatoka sina. Nikachomwa sindano ya kwanza siku hiyo hiyo.

Halafu nikaenda dala kumwona Dani. Nikamkuta chini ya mwembe ule ule, na sinia la karanga. Nikakaa, nikaanza kuchambua. Nikamweleza taratibu, bila kumfanya mjinga, kuhusu ukungu na ini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaangalia lile fungu dogo la karanga mbaya kwa muda mrefu. Akauliza, "Kwa hivyo mtoto wangu hakuwa na chira?"

Nikasema, "Hapana, Dani. Hakuwa nayo."

Akainuka, akabeba lile fungu, akapita kuku wote wanamfuata kwa nyuma, akalimwaga ndani ya choo.